Elimu ya Kutawala: Habari za Chuo cha Haileybury

Wazazi wengi siku hizi hupata habari kwamba mtoto wao amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma shahada ya utawala wa umma. Hufurahi, kisha hutujia sisi walimu, wakauliza: Elimu hii ni kitu gani? Elimu ya uganga waijua, maana mwisho wake ni kuponya wagonjwa. Ya ualimu waijua, na ya kilimo, na ya kujenga madaraja. Lakini kutawala, je, si jambo la kuzaliwa nalo, au la kupewa na wakubwa? Mtu hujifunzaje ukubwa kwa kukaa kitako darasani na kuandika daftarini?

Swali hili si la kijinga hata kidogo. Watu wenye akili nyingi wa Ulaya walibishana juu yake muda wa miaka zaidi ya mia, na majibu waliyoyapata yaliwafikia hata babu zetu katika baraza za hukumu, ijapokuwa wao hawakujua yametoka wapi. Twaona vema basi kueleza habari hizo, tukifuata zaidi chuo kimoja na mtu mmoja aliyetoka katika chuo hicho, kwani katika maisha ya mtu yule yaonekana yote mawili, faida ya elimu hii na hatari yake.

Kwanza tufahamiane kwa maneno. Serikali ikiazimia kwamba kila kijiji kipate maji safi, azimio hilo pamoja na njia zilizochaguliwa za kulitimiza ndiyo sera. Kuhesabu gharama, kuajiri mafundi, kununua mabomba, kutunza daftari ya fedha, na kumjibu mama anayeuliza mbona pampu imenyamaza tangu mwezi jana, huo ndio utawala. Mwanafunzi hufundishwa yote mawili, na katika nchi yetu huchukua miaka mitatu: husoma uchumi, sheria, hesabu za fedha za serikali, takwimu, mambo ya wafanyakazi, na namna ya kulichunguza jambo kabla ya kulitolea shauri. Msomaji wa Biblia ataikumbuka miaka mitatu ya Danieli na wenzake, waliofundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kabla ya kusimama mbele ya mfalme wa Babeli. Kumbe jambo lenyewe si geni duniani. Wachina nao waliwachagua maofisa wao kwa mitihani muda wa miaka yapata 1,300, hata mitihani hiyo ilipofutwa mwaka 1905. Na katika Ujerumani, mfalme wa Prussia aliweka mwaka 1727 maprofesa wawili, mmoja katika mji wa Halle na mmoja Frankfurt an der Oder, wawafundishe vijana habari za hazina na usimamizi wa mali ya nchi. Hayo twayapita mbio, maana njia iliyofika kwetu ilipita pengine.

Ilipita Haileybury, karibu na mji wa Hertford, upande wa kaskazini wa London. Zamani zile sehemu kubwa ya Bara Hindi ilikuwa chini ya kampuni ya wafanya biashara wa Kiingereza, East India Company. Kampuni hiyo ilianza kwa kununua pilipili na nguo, hata mwisho wake ikawa yatoza kodi, yahukumu kesi na kuweka majeshi. Vijana iliowapeleka kule waliitwa makarani, maana kazi yao ya kwanza ilikuwa kuandika vitabu vya biashara. Lakini karani huyo huyo, baada ya miaka michache, aliweza kuwa hakimu au mtoza kodi wa wilaya yenye watu malaki. Fikirini neno hilo: kijana wa miaka 17 au 18, asiyejua lugha ya watu, wala desturi zao, wala namna wanavyopima mashamba yao, naye yupo njiani kukabidhiwa riziki zao.

Tena alipataje kazi? Kampuni ilikuwa na wakurugenzi 24, na kila mmoja alikuwa na fungu lake la nafasi za kugawa. Alimpa mpwa wake, au mtoto wa rafiki yake, au mtu aliyetaka kumfanyia hisani ili naye alipwe hisani siku nyingine. Kuziuza nafasi hizo kulikatazwa. Walakini mwaka 1809 Bunge la Uingereza lilichunguza, likaona kwamba baadhi yake zimeuzwa kwa fedha. Hatuna haja ya kuwaeleza sana wasomaji wetu desturi hiyo. Sisi twaiita kujuana, nayo haikuzaliwa Afrika, kama wengine wanavyopenda kusema.

Mwaka 1800 mtawala mkuu wa Waingereza huko Bara Hindi, Lord Wellesley, alifungua chuo katika Calcutta cha kuwafundisha makarani hao. Wakurugenzi wa London hawakupendezwa na gharama yake, wala kwa kuwa hawakuulizwa kwanza. Wakaanzisha chuo chao wenyewe mwaka 1806 katika ngome ya Hertford, na mwaka 1809 kikahamia majumba mapya ya Haileybury. Huko kijana alikaa miaka miwili hivi kabla ya kupanda jahazi. Alisoma sheria, historia, hesabu, Kilatini na Kiyunani, pamoja na lugha za Mashariki kama Kiajemi, Kisanskriti, Kihindustani na Kibengali. Na palikuwapo somo moja jipya kabisa katika Uingereza, la kueleza jinsi mali ya taifa inavyozalishwa na kugawanyika. Mwalimu wa somo hilo alikuwa Thomas Robert Malthus, mchungaji wa Kanisa la Kiingereza, aliyewekwa mwaka 1805 akafundisha mpaka alipokufa mwaka 1834.

Malthus alikuwa mtu mpole, na wanafunzi walimpenda. Jina lake hata hivyo lilikuwa limekwisha kuenea kwa sababu ya kitabu alichokitoa mwaka 1798. Humo alisema kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, na kwamba njaa na maradhi ndivyo vinavyowarudisha nyuma. Kwa hiyo sheria za kuwasaidia maskini, kama zisipotazamwa sana, huwaongeza maskini badala ya kuwapunguza. Hatusemi kwamba mtu huyu alikuwa na moyo mbaya. Twasema tu kwamba vijana waliokuwa wakienda kutawala mamilioni ya watu maskini waliyasikia mafundisho hayo wangali wadogo, kutoka kinywa cha mwalimu waliyempenda, na neno lililoingia hivyo halitoki kwa urahisi.

Chuo chenyewe kilikuwa na ghasia. Vijana waliingia kwa kujuana kule kule, na mpwa wa mkurugenzi haogopi sana kufukuzwa. Mara kwa mara walifanya fujo, hata watu wengine wakataka chuo kifungwe, na Malthus akatoa kijitabu mwaka 1817 cha kukitetea. Pamoja na hayo yote, wako waliojifunza kweli.

Mmoja wao ni Charles Trevelyan, aliyezaliwa mwaka 1807. Aliingia kazini Bengal mwaka 1826, kisha akapelekwa Delhi kuwa msaidizi wa Sir Edward Colebrooke, mwakilishi wa Kampuni katika mji ule, mzee mwenye cheo kikubwa. Trevelyan aliona kwamba mkubwa wake hupokea hongo. Mwaka 1829, umri wake haujafika miaka 23, alimshtaki. Wenzake Waingereza walimkasirikia sana, maana si desturi mdogo kumtoa mkubwa hadharani. Lakini alikuwa ameandika kila jambo kwa tarehe na kwa ushahidi. Uchunguzi ukafanywa, na Colebrooke akaondolewa kazini. Mtu akituuliza elimu ya utawala yafaa nini, twaweza kumwonyesha kijana huyu na daftari yake.

Baadaye alimwoa Hannah, dada yake Thomas Macaulay, aliyekuwa akitunga sheria za Bara Hindi. Mwaka 1840 akarudi London akawekwa kuwa mtumishi mkuu wa Hazina ya Uingereza, kazi aliyokaa nayo hata mwaka 1859. Mawaziri walikuja na kwenda. Yeye alibaki mezani, akifanya kazi usiku na mchana, mikono yake safi.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi ya Ayalandi. Nchi hiyo wakati ule ilitawaliwa na Uingereza, nayo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini wake, nao ni mamilioni, waliishi kwa viazi mbatata karibu peke yake, kama vile kwetu ziko sehemu ambazo muhogo ukikosa hakuna kingine. Mwaka 1846 viazi viliharibika karibu nchi nzima. Shauri la kuwasaidia watu liliamuliwa na mawaziri, lakini kuliendesha kulikuwa mikononi mwa Hazina, yaani mikononi mwa Trevelyan, na fikira zake zilikuwa na nguvu hata juu ya mawaziri wenyewe.

Alifanyaje? Alifanya kama alivyofundishwa. Aliamini kwamba serikali ikigawa chakula bure itaharibu biashara ya nafaka na kuwafanya watu wavivu. Kwa hiyo wenye njaa walipewa kazi ya kuvunja mawe na kutengeneza barabara. Mwezi wa Machi mwaka 1847 waliokuwa katika kazi hizo walizidi 700,000. Mshahara ulikuwa mdogo, mara nyingine ukachelewa, na bei ya chakula ilipanda kila juma. Mtu asiyekula hawezi kuvunja mawe. Wengi walianguka pale pale kazini. Nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa katika meli kwenda Uingereza, kwani serikali haikutaka kuzuia biashara. Ndipo serikali ilipogeuza shauri, ikafungua majiko ya kugawa supu na uji, na mwezi wa Julai mwaka 1847 watu yapata milioni 3 walilishwa kila siku. Jambo hili lionyesha kwamba uwezo wa kuwalisha ulikuwapo. Lakini majiko hayo yalifungwa baada ya miezi michache, mzigo ukaachiwa nyumba za maskini za wilaya, na sheria ikaamuru kwamba mwenye shamba lililozidi robo eka asipewe msaada mpaka aliache. Maelfu ya watu wakachagua baina ya shamba na uji.

Trevelyan aliandika kitabu mwaka 1848 juu ya mambo hayo, akaieleza njaa ile kuwa kama dawa iliyoletwa na Mungu mwenye hekima kuponya maovu ya nchi ya Ayalandi, naye aliiona kama imekwisha. Haikuwa imekwisha, watu waliendelea kufa mwaka ule na miaka iliyofuata. Jumla ya waliokufa kwa njaa na maradhi yake ni yapata milioni moja, na wengine karibu idadi hiyo walivuka bahari. Mwaka 1848 malkia alimpa Trevelyan cheo cha Sir.

Twamtazama mtu huyu kwa mshangao. Hakuiba hata peni moja. Hesabu zake zilikuwa sawa, barua zake zilijibiwa siku ile ile, na wezi walimwogopa. Mtu mvivu na mla rushwa angalifanya madhara pia, lakini labda asingeyafanya kwa utaratibu namna ile. Alichokosa si uaminifu wala akili. Walioumia hawakuwamo katika elimu yake isipokuwa kama tarakimu, na yeye alikaa London akiwasoma katika karatasi. Twaona kwamba shahada yoyote ya utawala isiyomtoa mwanafunzi nje ya karatasi inaweza kumzaa Trevelyan mwingine, tena kwa sifa njema kabisa.

Na ni mtu huyu huyu aliyevunja kujuana katika Uingereza. Yeye pamoja na Sir Stafford Northcote walitoa mwaka 1854 taarifa fupi juu ya watumishi wa serikali. Walisema kwamba ofisi za serikali zimekuwa kimbilio la watoto wa wakubwa walioshindwa kazi nyingine, wakashauri kwamba kila anayetaka kuingia afanye mtihani ulio wazi kwa wote, na kwamba mtu apandishwe cheo kwa kazi yake, si kwa jina la baba yake. Wenye vyeo walipiga kelele nyingi. Tume ya kusimamia mitihani ikawekwa mwaka 1855, lakini haikuwa mpaka mwaka 1870 ndipo mlango ulipofunguliwa kweli kwa karibu ofisi zote.

Bara Hindi kulitangulia. Sheria ya mwaka 1853 iliwanyang'anya wakurugenzi haki ya kugawa nafasi, na kamati ya Macaulay ikatengeneza mtihani, wa kwanza ukafanywa London mwaka 1855. Haileybury haikuwa na kazi tena, ikafungwa mwaka 1858. Majumba yake yako hata leo. Tangu mwaka 1862 yamekuwa shule nyingine yenye jina hilo hilo, na mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo, Clement Attlee, ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1947, Bara Hindi ilipopata uhuru.

Tazameni alama za mtihani ule wa kamati ya Macaulay, maana alama za mtihani hutoboa siri ya walioutunga. Kiyunani kilipewa alama 750, na Kilatini 750. Hesabu alama 1,000. Lugha ya Kiingereza na vitabu na historia yake 1,500. Kisanskriti kilipewa 375, na Kiarabu 375. Yaani kijana anayekwenda kutawala Bara Hindi alipata alama nyingi zaidi kwa kujua vita vya Athene kuliko kwa kujua elimu ya watu atakaowahukumu. Macaulay alikuwa na hoja yake: kijana aliyepata elimu bora ya aina yo yote, alisema, ataweza kujifunza sheria na lugha baadaye, na kweli walioshinda waliwekwa muda wa majaribio kujifunza mambo hayo. Hoja hiyo ina nguvu, na hata leo maprofesa huishindania: je, kijana asome kwanza elimu pana kisha ajifunze utawala kazini, au aanze na utawala tangu mwaka wa kwanza? Lakini mtihani ule ulikuwa wazi kwa Wahindi vilevile, kwa maneno. Kwa matendo ulifanywa London tu, safari ya miezi na fedha nyingi, kwa masomo ya shule za Kiingereza.

Hata hivyo Satyendranath Tagore, kaka wa yule mshairi mashuhuri, alikwenda akashinda mwaka 1863. Mwaka 1869 akashinda Surendranath Banerjea na wenzake. Waingereza wakapunguza umri wa mwisho wa kufanya mtihani, hata ulipofika mwaka 1878 ukawa miaka 19, na kijana wa Calcutta angewezaje kumaliza shule, kujifunza Kilatini na kuvuka bahari kabla ya umri huo? Banerjea alikuwa ameondolewa kazini mwaka 1874 kwa kosa ambalo Mwingereza angalisamehewa. Akazunguka nchi yote akihutubia juu ya dhuluma hiyo ya umri, na watu wa mikoa mbalimbali wakaanza kukutana kwa sababu ya jambo moja. Si mara nyingi sharti la mtihani huamsha taifa. Mtihani haukufanywa katika Bara Hindi kwenyewe mpaka mwaka 1922.

Marekani nao walikuja katika elimu hii kwa njia ya damu. Desturi yao ilikuwa kila chama kinachoshinda uchaguzi kuwagawia watu wake kazi. Mwaka 1881 mtu mmoja aliyetafuta kazi asipate alimpiga risasi Rais Garfield, akafa. Na mwaka 1883 ikatungwa sheria ya mitihani. Mwaka 1887 mwalimu wa chuo jina lake Woodrow Wilson aliandika makala ya kusema kwamba utawala ni elimu peke yake, mbali na ushindani wa vyama, nayo yapasa kufundishwa. Vyuo vingi vya dunia huihesabu makala hiyo kuwa mwanzo wa somo lao, na wanafunzi wetu huisoma mpaka leo. Wasichosimuliwa mara nyingi ni kwamba Wilson huyo, alipokuwa rais tangu mwaka 1913, aliruhusu watumishi weusi watengwe na weupe katika ofisi za serikali, na kuanzia mwaka 1914 kila aliyeomba kazi alitakiwa kupeleka picha yake. Mtihani ulibaki ule ule. Picha ndiyo iliyofanya kazi ya mjomba mkurugenzi.

Sasa twarudi kwetu. Msomaji asidhani kwamba mambo ya Bara Hindi hayatuhusu. Ile sheria ya makosa ya jinai iliyoandikwa kwa mara ya kwanza na Macaulay, shemeji yake Trevelyan, ililetwa na Waingereza Afrika Mashariki, na katika Tanganyika ilitumika mpaka mwaka 1930. Babu aliyehukumiwa kwa wizi wa ng'ombe kabla ya mwaka huo alihukumiwa kwa maneno yaliyotungwa Calcutta.

Wadachi kabla yao walikuwa na njia yao. Katika Berlin kilifunguliwa mwaka 1887 chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa maofisa waliotaka kuja huku. Waliokifundisha hawakuwa Wazungu peke yao. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha pale, na baada yake Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900, ambaye maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa mwaka 1903. Twapenda kulikumbuka jambo hili. Walikuwapo watu wa pwani yetu waliosimama mbele ya watawala wa kesho na kuwafundisha jinsi ya kusalimu. Waliowafundisha hawakukumbuka yote. Na huku nyumbani vijana wa shule ya serikali ya Tanga wakawa makarani na maakida.

Waingereza walipokuja hawakutumia mtihani kuwachagua mabwana shauri wao wa Afrika. Waliwaita, wakazungumza nao, wakatazama shule waliyotoka na namna wanavyokaa kitini. Tangu mwaka 1926 waliochaguliwa walipelekwa Oxford au Cambridge kusoma sheria, hesabu na lugha, na walipofika walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Kwa Waafrika iliwekwa shule ya Tabora mwaka 1925, kwanza kwa watoto wa machifu, wajifunze kuwatawala watu wao chini ya mabwana hao. Yaani mtihani ambao Trevelyan aliupigania kwao, huku haukufika. Kilichofika ni ukoo.

Mwaka 1953, chini ya milima ya Uluguru, katika njia ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, Waingereza walifungua shule ya serikali za mitaa mahali paitwapo Mzumbe. Waliosoma pale kwanza walikuwa machifu, madiwani na makarani wa baraza za wenyeji. Miaka minane tu baadaye Tanganyika ikapata uhuru, na mwaka 1963 cheo cha uchifu kikaondolewa. Shule iliyojengwa kwa ajili ya machifu ikabaki bila machifu. Haikufungwa kama Haileybury. Walianza kuja maofisa wa serikali kuu, mabwana maendeleo na mahakimu wa mahakama za mwanzo, watoto wa wakulima. Mwaka 1972 iliunganishwa na taasisi ya utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa chuo cha usimamizi wa maendeleo. Mwaka huo huo serikali ilianza kuziondoa halmashauri za wilaya na za miji, na kazi zao zikahamia kwa maofisa waliotoka serikali kuu. Sheria za kuzirudisha zilitungwa mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Wako basi watu waliosoma Mzumbe habari za halmashauri, wakamaliza na kukuta halmashauri hazipo, kisha wakiwa watu wazima wakaitwa kuzisimamisha upya. Mwaka 2001 Mzumbe ikawa chuo kikuu kwa sheria ya Bunge, na leo hutoa shahada ya utawala wa umma kwa vijana wa kila mkoa, wa kike na wa kiume. Haulizwi mtu ukoo wake mlangoni. Huulizwa alama zake.

Tumesema alama hutoboa siri, nasi hatuna budi kuziangalia za kwetu. Masomo ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu vingi ni vya Ulaya na Marekani, ambamo kijiji huonekana kama kilivyoonekana Ayalandi katika meza ya Hazina. Walakini liko jambo moja lisilokuwamo Haileybury: mwanafunzi hupelekwa katika ofisi za halmashauri kufanya mazoezi kabla ya kumaliza. Muda huo si mrefu, na wako wanaoumaliza wakibandika karatasi katika majalada. Twawashauri wazee wa vijiji, akifika kijana wa namna hiyo kwa mtendaji, wasimwache ofisini. Wamchukue aone kisima kilichokauka, na shamba la mjane lenye mpaka unaogombewa, na wamweke katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya mwaka 1982 hukutana kila miezi mitatu, asikie taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, na maswali yanayofuata. Maswali hayo huulizwa kwa Kiswahili. Ripoti yake, akirudi chuoni, ataiandika kwa Kiingereza, na itakuwa kazi yake kuona kwamba mjane yule hakupotea njiani.